Saa ya Akrabu Moja

Watu wanaopenda saa za mkono huzipenda kwa sababu tatu, na mara nyingi sababu hizo hazipatani. Wako wanaopenda mashine; hao huigeuza saa mgongo kwanza, wakatazama magurudumu na kamani, ndipo wakaurudia uso. Wako wanaopenda jina na heshima iliyolimbikwa katika jina hilo kwa miaka mia au zaidi. Na wako wachache wanaoipenda saa kwa lile inalolisema juu ya wakati wenyewe. Barazani kwetu, hapa Mjini Unguja, makundi hayo matatu yamekuwa yakibishana kwa muda wa miezi saba juu ya saa moja tu, nami nimeyasikiliza yote, kwa kuwa saa hiyo imo mkononi mwangu.

Si yangu. Ni ya shemeji yangu aishiye Ujerumani, aliyenunua saa hiyo huko kwa zaidi ya euro elfu moja na kuniachia alipokuja likizo, kwa sharti kwamba nimwandikie ninavyoiona. Jina lake ni MeisterSinger, na kiwanda chake ni kidogo, hakimo katika milki ya makampuni makubwa ya Uswisi. Kilianzishwa na Manfred Brassler mwaka 2001 katika mji wa Münster. Kinachoitofautisha na saa nyingine ni jambo ambalo hata mtoto huliona papo hapo: ina akrabu moja tu. Hakuna akrabu ya dakika wala ya sekunde. Kuna sindano ndefu, nyembamba, inayouzunguka uso wa saa mara moja kwa kila saa kumi na mbili, basi.

Namna ya kuisoma ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Baina ya tarakimu na tarakimu nafasi imegawanywa sehemu kumi na mbili, kila sehemu dakika tano, hata uso mzima ukawa na sehemu 144. Ncha ya sindano ikisimama kwenye kistari cha nne baada ya tarakimu ya tisa, basi ni dakika ishirini zimekwisha pita. Ikisimama baina ya vistari viwili, msomaji hukadiria. Dakika moja katika uso huo ni nusu ya digrii, na jicho la binadamu haliwezi kuapa juu ya nusu ya digrii. Hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Jina nalo lina maana kwa wasomaji wa kurasa hizi. Meistersinger walikuwa washairi na waimbaji wa miji ya Ujerumani katika karne za 15 na 16, watu wa kazi za mikono waliojiunga katika vyama na kutunga kwa kanuni kali. Aliyevuma zaidi miongoni mwao, Hans Sachs wa Nürnberg, alikuwa mshona viatu. Katika mashindano yao alikuwako mtu maalumu ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza na kuandika kila kosa la kanuni. Anayejua jinsi mashairi yetu yanavyopimwa kwa vina na mizani hatamwona mtu huyo kuwa mgeni. Alama ya kiwanda nayo ni ya muziki: ni ile nusu duara yenye nukta, inayomwamuru mpigaji aishikilie sauti kupita kipimo chake cha kawaida. Saa, ambayo kazi yake ni kuukata wakati vipande, imejitia nembo ya kuushikilia.

Kundi la kwanza, la wapenda mashine, liliishambulia saa hii mapema. Mgongo wake ni wa kioo, hivyo hapakuhitajika kuifungua. Ndani mna mashine iitwayo Sellita SW200, inayojitia ufunguo yenyewe kwa mtikisiko wa mkono, na kupiga mapigo manane kwa sekunde. Mashine hiyo inafuata muundo wa ETA 2824-2, ambayo ni miongoni mwa mashine zilizoenea mno katika saa za Uswisi. Mwaka 2002 kampuni ya Swatch, yenye kuimiliki ETA, ilipotangaza nia ya kupunguza kuwauzia wengine mashine zisizokamilishwa, viwanda vidogo vingi vilitazama huku na huko vikiikimbilia Sellita. "Basi hawa wametengeneza nini?" akauliza bwana mmoja kati yetu, ambaye ana masanduku mawili ya saa kuukuu nyumbani kwake. "Wamenunua mashine, wamenunua kioo, wamepunguza akrabu mbili, kisha wamezidisha bei. Mimi nikikupunguzia gurudumu moja katika baiskeli utanilipa zaidi?"

Tulicheka, maana alisema vizuri. Lakini hoja yake haikunikaa. Mtunzi wa tarbia hakubuni mizani kumi na sita, alizikuta. Hakubuni vina vya kati na vya mwisho, navyo alivikuta. Hajalaumiwa mshairi hata mmoja katika pwani hii kwa kutunga katika bahari iliyotungiwa na maelfu kabla yake. Anaulizwa swali jingine: ndani ya kipimo hicho cha watu wote, umesema nini? Mwaka 2014 kiwanda hiki kilitoa saa yenye mashine iliyotengenezwa kwa ajili yake mahsusi, yenye kamani mbili na nguvu ya saa 120 bila ya kutiwa ufunguo. Wapenda mashine waliifurahia habari hiyo nilipowapa, wakapunguza sauti. Mimi sikuona kwamba imebadilisha neno lolote katika yale ambayo akrabu moja inayasema. Fundi wangu wa saa naye, mtu ambaye kwa miaka arobaini ametengeneza saa za kila namna katika kibanda kisichozidi hatua tatu, aliitazama Sellita ile kwa kikuza macho chake akatoa hukumu yake kwa maneno machache: "Hii ikiharibika, vipuri vyake vinapatikana. Ile ya mashine ya peke yake ikiharibika, utaipeleka kwao." Kwa mtu aishiye kisiwani, hiyo si hoja ndogo.

Kundi la pili, la wapenda majina, halikuwa na mengi ya kusema. Kwao saa iliyozaliwa mwaka 2001 ni mtoto mchanga, na mtoto mchanga hana nasaba ya kujivunia. Nikawaambia kwamba kiwanda ni kipya lakini akrabu moja ni kongwe kuliko nasaba zote wanazozitaja. Saa za kwanza za minara ya Ulaya zilikuwa na akrabu moja, kwa sababu mashine zake hazikustahili zaidi. Saa ambayo kwa siku moja huweza kupotea robo saa ina haja gani ya kuonyesha dakika? Ni baada ya Christiaan Huygens kuunda saa ya timazi mwaka 1656, kisha mwaka 1675 kuitia saa ndogo kamani nyembamba ya kuongoza mapigo, ndipo akrabu ya dakika ilipopata haki ya kuwapo na kuenea. Kwa maneno mengine, dakika si kitu alichokiona binadamu katika maumbile. Jua aliliona, mwezi aliuona, maji kujaa na kupwa aliyaona. Dakika aliitengeneza, na alipokwisha kuitengeneza akaanza kuitumikia.

Hapo tukafika kwa kundi la tatu, ambako mabishano yalikuwa na uzito, kwa kuwa hayakuwa tena ya saa.

Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa wa kwanza kuitetea saa hii, na utetezi wake ulikuwa wa kimaadili. Alisema kwamba mtu akiangalia saa ya kawaida huulizwa na ile saa: mbona umechelewa dakika tatu? Akiangalia saa hii huambiwa tu: adhuhuri imekaribia. La kwanza ni la bwana kwa mtumwa, la pili ni la rafiki kwa rafiki. Akatukumbusha kwamba haraka haraka haina baraka. Mzee mmoja, nahodha wa zamani, akamjibu papo hapo kwa methali nyingine, kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Kisha akaeleza kwa utulivu. Bahari, alisema, haiijui dakika. Maji ya leo yakijaa wakati huu, kesho yatachelewa kwa kiasi cha dakika hamsini, na baharia huliangalia hilo kwa jumla yake. Kwa kazi hiyo akrabu moja ingemtosha. Lakini boti ya kwenda Pemba ina dakika yake, nayo haimsubiri mtu kwa sababu saa yake ni rafiki.

Aliyenigusa zaidi alikuwa binti wa jirani yetu, ambaye ni muuguzi. Alipitia barazani kutusalimia, akatushika mikono wakubwa wake kwa shikamoo, akaiona saa, akaomba aitazame. Akaiweka karibu na jicho, akaitafuta sekunde, hakuiona. "Nzuri, baba," aliniambia, "lakini mimi haitanifaa. Mimi nahesabu mapigo ya moyo wa watu." Akanirudishia. Hakuna katika sisi aliyekuwa na jibu. Utulivu ambao mwalimu aliusifu ni utulivu wa mtu ambaye hana mgonjwa mbele yake, hana boti ya kuiwahi, wala bosi wa kumkata ujira. Mwenye kuweza kuidharau dakika ni yule ambaye dakika haimdai kitu. Tangu siku hiyo sikuweza tena kuisikia sifa ya utulivu bila ya kuuliza: utulivu wa nani?

Ningeliishia hapo, na kumwandikia shemeji yangu kwamba saa yake ni pambo la watu wenye nafasi. Lakini kuna jambo jingine ambalo watengenezaji wa Münster bila shaka hawakulikusudia, na ambalo kwa Mswahili ni kubwa kuliko yote.

Sisi twahesabu saa kutoka kucha na kuchwa. Jua likichomoza hesabu huanza. Saa moja imepita, ni saa moja. Kinachoitwa saa saba na Mzungu sisi ni saa moja. Saa yake ya kumi na mbili mchana ni sita yetu. Baina ya hesabu hizo mbili kuna saa sita, na saa sita katika uso wa duara ni nusu kamili. Kwa hiyo akrabu ionyeshapo saba, upande wa pili wake barabara pana moja. Kila aliyekulia huku analijua hilo hata kama hajawahi kulieleza: anatazama saa iliyotiwa majira kwa hesabu ya kigeni na kuisoma kwa upande wa pili. Katika saa ya akrabu mbili kazi hiyo ina mkato: saa huipindua, dakika huiacha ilivyo. Macho yanakwenda njia mbili kwa wakati mmoja. Katika saa ya akrabu moja, saa na dakika zimo katika ncha ile ile. Unaifuata sindano kinyumenyume, unapita kitovuni, unavuka hadi ukingo wa pili, na hapo zimo zote mbili kwa Kiswahili, bila ya kubakisha kitu. Mstari mmoja ulionyooka una ulimwengu mmoja kila upande.

Na si hilo tu. Iangalie sindano hiyo mchana mmoja mzima. Jua linapochomoza, iko chini. Inapanda kwa kushoto, inafika juu kabisa wakati wa saa sita, kisha inashuka kwa kulia, na magharibi inakuwa chini tena. Hiyo ni safari ya jua lenyewe. Katika nchi za kaskazini ya mbali ulinganifu huo hauwezi kudumu, kwa kuwa mchana wa Juni ni mrefu mno na wa Desemba ni mfupi mno. Hapa kwetu, digrii sita tu kusini ya ikweta, tofauti ya mchana mrefu na mfupi haifiki hata saa nzima. Saa hii imetengenezwa Ulaya, lakini jua inayolifuata ni la kwetu. Mapungufu hayakosi: majira yetu rasmi yamepimwa kwa mstari wa longitudo 45 mashariki, ulio mbali na Unguja, kwa hiyo jua hupinduka kwetu baina ya dakika saba hivi na thelathini na saba baada ya saa sita. Anayengoja adhuhuri anajua hivyo. Lakini katika saa ya akrabu moja hata kasoro hiyo hujificha kwa adabu.

Kwa nini nalipa uzito jambo hili? Kwa sababu hesabu hizi mbili hazikai pamoja kwa amani kama tunavyopenda kuamini. Nitatoa mfano mmoja. Shangazi yangu alikuwa na mtoto wa jicho, akapewa karatasi ya miadi katika hospitali moja, imeandikwa 2:00. Yeye ni mtu wa kuamka alfajiri; saa mbili asubuhi alikuwa amekwisha kaa kwenye benchi, hajala, kama alivyoagizwa. Karatasi ilikusudia saa nane mchana. Hakuna aliyemwambia. Alikaa hadi njaa na joto vilipomshinda, akarudi nyumbani, na jina lake lilipoitwa hakuwapo. Miadi mipya ilikuwa baada ya miezi minne. Kwa miezi minne alishikwa mkono kupelekwa msalani. Tulipomwuliza ilikuwaje, alijibu neno ambalo sitalisahau: "Saa yangu haikukosea." Na kweli haikukosea. Yaliyokutana pale ni majira mawili, moja lina karatasi na muhuri, jingine lina jua tu. Na penye karatasi na jua, karatasi hushinda.

Hiyo ndiyo khofu yangu. Simu walizonazo watoto wetu hazina uso wa duara. Zinaandika 07:20 kwa tarakimu, na tarakimu haina upande wa pili. Mtoto anayejua saa kwa simu tu hana ukingo wa kuvukia. Lazima atoe sita au aongeze sita kichwani, na siku moja atachoka. Nimekwisha wasikia vijana wakisema "saa saba asubuhi" na hawatanii. Lugha haipotei kwa kukatazwa tu. Hupotea pia pale chombo kinachotumiwa kila siku kinapokuwa hakina nafasi yake. Mnara wa saa wa Beit al-Ajaib ulipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, tuliomboleza jengo, na ilistahili. Lakini uso wa saa unaweza kuanguka pia bila ya kishindo, mfukoni mwa kila mtu, na asiwepo wa kuomboleza.

Basi mimi nimesimama wapi katika mabishano haya? Kwa wapenda mashine nasema: mashine si lawama, ni mizani tu. Kwa wapenda majina nasema: nasaba ya saa hii ni kongwe kuliko za kwenu. Kwa mwalimu wangu nasema kwa heshima kwamba utulivu si hoja ya kutosha, na binti muuguzi amemshinda. Saa hii haimfai kila mtu, na bei yake inaiweka mbali na wengi ambao ingewafaa. Lakini imenionyesha kitu ambacho saa nyingi zenye akrabu mbili na tatu nilizopata kuzivaa hazikuwahi kunionyesha kwa uwazi huo: kwamba hesabu yetu si tafsiri ya hesabu ya watu, wala si makosa yanayongoja kusahihishwa. Ni upande wa pili wa mstari ule ule.

Nimemwuliza fundi wangu kama inawezekana kupata saa ya namna hii yenye tarakimu zilizogeuzwa, sita ikawa juu na kumi na mbili ikawa chini, ili akrabu isome Kiswahili kwa ncha yake, si kwa kisogo. Aliifikiri kidogo. Akasema mashine haiguswi hata kidogo. Ni uso tu wa kupigwa chapa upya, na saa rahisi kabisa ya kuanzia ingetosha, hata ya betri, akrabu ya dakika ikang'olewa na vistari vikaandikwa vizuri. Nimempa karatasi niliyoichora mwenyewe kwa bikari, duara lenye sehemu 144. Shemeji yangu atarudishiwa saa yake atakapokuja mwezi wa Desemba, pamoja na barua hii. Uso wa kwanza, fundi akiumaliza, umekwisha pata mwenyewe: utakwenda kwa shangazi, ambaye sasa anaona kwa jicho lake la kulia, na ambaye hakuwahi kuhitaji kufundishwa namna ya kuusoma.